Visima vya Tabora vinahitaji mwenye mamlaka

Bomba la Ziwa Victoria limefika Tabora, Nzega na Igunga, na hilo ni jambo kubwa. Maji yanavutwa Ihelele, mkoani Mwanza, yanapita Shinyanga, kisha yanaelekea kusini mpaka kwenye mji uliozoea kuishi kwa mabwawa ya Igombe na Kazima. Kazi hiyo imelipiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 268 kutoka Benki ya Exim ya India. Sikonge, Urambo na Kaliua nazo zimo katika mradi wa miji 28 ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Aliyewahi kuamka usiku wa manane kwenda kupanga foleni ya ndoo mwezi wa Oktoba anajua thamani ya mambo hayo.

Lakini Tabora ni mkoa wa kilomita za mraba zaidi ya 76,000, mkubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania. Bomba linafuata miji na vijiji vilivyo jirani na njia yake. Kwa kijiji kilicho ndani kabisa ya Uyui, Sikonge au Kaliua, maji bado ni kisima: cha pampu ya mkono, cha kuchimba kwa jembe mbugani, au kirefu cha mashine chenye tangi na vituo vichache vya kuchotea. Na hapo ndipo tunapoona hatari. Habari njema za bomba zimewafanya wengi waone kwamba suala la maji Tabora limekwisha, wakati vijijini visima vinaongezeka na hakuna aliye karibu navyo mwenye mamlaka ya kusema basi.

Msimamo wetu ni huu. Waziri wa Maji atangaze sehemu ya Wilaya ya Uyui pamoja na pembezoni mwa Manispaa ya Tabora kuwa eneo maalumu la kudhibiti maji ya chini ya ardhi, na usimamizi wake wa kila siku ukabidhiwe kamati iliyochaguliwa na watumiaji wenyewe. Kamati hiyo iwe na uwezo wa kupima, wa kuruhusu na wa kukataa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatoa nafasi ya kutangaza maeneo ya namna hiyo. Inatambua pia Jumuiya za Watumia Maji na Kamati za Maji za Vidakio. Hatuombi jambo geni.

Kwa nini haraka? Anayetaka jibu aanze na mwamba. Tabora imekaa juu ya graniti ya kale sana, na graniti ikiwa nzima haina maji. Maji hukaa mahali pawili tu: katika tabaka la juu ambalo limeoza polepole kwa miaka mingi sana likawa changarawe na udongo, na katika nyufa za mwamba ulio chini ya tabaka hilo. Mahali pengine tabaka lina kina kirefu, pengine ni jembamba mno. Ndiyo maana mtu huchimba akatoka na vumbi tupu, na jirani yake asiye mbali akapata maji mapema. Hakuna ziwa moja kubwa lililojificha chini ya mkoa huu. Kuna hifadhi nyingi ndogondogo, kila moja na watu wake, na visima viwili vilivyoangukia ufa mmoja hunyang'anyana maji bila wenyewe kujua.

Hifadhi hizo zinategemea mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kati ya milimita 700 na 1,000 kwa mwaka sehemu nyingi. Kinachozama ardhini ni sehemu ndogo. Kilichobaki kinachukuliwa na jua, miti na vijito vinavyokauka muda mfupi baada ya mvua. Kuanzia Mei mkoa mzima unaishi kwa akiba.

Na akiba hiyo ina wateja wengi. Mbugani, palipo na udongo mweusi na maji ya karibu, ndipo akina mama wanapochimba visima vya mkono. Hapohapo mkulima wa tumbaku anamwagilia kitalu chake kabla mvua hazijaanza, kwa sababu miche lazima iwe tayari ardhi ikilowana. Ng'ombe wananyweshwa hapo. Matofali yanafyatuliwa hapo. Mvua ikija majaruba ya mpunga yanajengwa hapo. Wote hawa wana haki ya kuishi, na hatumtaji yeyote kama adui. Tunachosema ni kwamba kila mmoja anachota bila kujua mwenzake amechota kiasi gani.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.3 katika mkoa wa Tabora. Ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 3.4. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, wengi wao wakulima na wafugaji walio mbali na bomba lolote.

Serikali imejibu kwa kuchimba. Ilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima na kuigawa mikoani, ikafuata programu ya visima 900, vitano kwa kila jimbo. Tunaiunga mkono kazi hiyo bila kigugumizi. Mtoto wa shule asiyelazimika kutembea saa mbili kwenda mtoni hawezi kusubiri wataalamu wamalize mijadala yao. Hata hivyo kisima kina tabia ya kuhesabiwa siku moja tu, siku kinapozinduliwa. Mbunge anapigwa picha akikinga maji kwa mikono, takwimu inaingia kwenye hotuba, na baada ya hapo hakuna anayerudi kuuliza kama maji yamebaki pale yalipokuwa.

Jambo jingine limebadilika kimyakimya, nalo tunaliona kubwa kuliko linavyozungumzwa. Zamani mwenye pampu ya dizeli alizuiwa na bei ya dizeli. Alivuta maji kwa saa chache, akazima injini, akahesabu fedha zake. Siku hizi pampu inaendeshwa na jua. Ukishalipia vioo vya sola, kila lita inayotoka baada ya hapo haina gharama, na hakuna sababu ya kuzima pampu jua likiwa linawaka. Kwa zahanati na shule ni neema. Kwa mtu mwenye shamba la bustani la ekari kadhaa kandokando ya mji, au mwenye kisima cha kuuzia maboza, breki iliyokuwepo imeondoka, na hatujaweka nyingine mahali pake.

Nani aiweke? Hapa ndipo mambo yanapochanganyika. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, kazi yake ni kupeleka huduma vijijini. Mamlaka ya maji ya mjini, TUWASA, kazi yake ni huduma mjini. Wanaopimwa kwa wingi wa visima na mabomba hatuwezi kuwategemea wawe hao hao wa kusema kisima hiki kisichimbwe. Ulinzi wa rasilimali yenyewe, pamoja na vibali vya kutumia maji, uko mikononi mwa Bodi za Maji za Mabonde. Nazo zimefuata mito, kama inavyofaa, na mito imeugawa mkoa. Upande wa magharibi maji yanaelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika, kwa hiyo bodi yake makao makuu yapo Kigoma. Igunga na sehemu kubwa ya Nzega maji yanaelekea Wembere, kwa hiyo yanahusika na Bonde la Kati ambalo makao makuu yapo Singida. Kusini kabisa yanaelekea Ziwa Rukwa.

Hatuwalaumu watumishi wa bodi hizo. Bonde la Ziwa Tanganyika peke yake ni eneo kubwa mno, na kutoka Kigoma hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 400. Afisa wa bonde hawezi kujua kwamba wiki hii mtu amechimba kisima kirefu mita chache kutoka kisima cha kijiji huko Uyui. Anayejua ni mama anayechota hapo kila alfajiri. Yeye ndiye wa kwanza kuona pampu inapigwa mara nyingi zaidi kabla maji hayajatoka. Leo hana pa kupeleka taarifa hiyo ikaleta matokeo. Atamwambia mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti atamwambia diwani, na diwani ataomba kisima kingine.

Watu wa njia ya misafara ya zamani waliwahi kuyajua maji yao vizuri kuliko sisi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipangwa kwa maji kwanza, chakula baadaye. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kituo gani kina maji mwezi gani. Huko Ugogo watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na misafara ililipia mpaka maji ya kunywa; maji yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa karibu. Baada ya Ugogo lilikuja pori la Mgunda Mkali, lililoogopwa na kila kiongozi wa msafara kwa sababu maji yake hayakuwa ya kutumainiwa. Walipovuka sehemu kavu walifanya tirikeza: kuondoka mchana, kutembea hadi usiku, kulala bila maji, na kuamka mapema kuyawahi ya mbele. Burton na Speke walipita njia hiyo wakaingia Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857, na Stanley akaja mwaka 1871. Wote walitegemea ujuzi wa wenyeji waliojua dimbwi lipi linatosha watu wangapi.

Ujuzi huo ulipodharauliwa, gharama ilionekana. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Walileta matrekta kabla ya kuielewa vizuri mvua na udongo wa mahali. Hadi mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, fedha nyingi zimeteketea, na Urambo ikaja kugeukia tumbaku.

Kupima ndilo jambo la kwanza tunalotaka kamati ifanye, na mfano mzuri wa faida yake hauko mbali. Dodoma imekuwa ikinywa maji ya visima vya Makutupora kwa miongo mingi, na kina cha maji ya pale kimerekodiwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo za miaka 55 zilipochambuliwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2013, zilionyesha kitu ambacho hakuna mtu angekijua kwa kuangalia mvua peke yake. Maji ya ardhini hapo hayajazwi sawasawa kila mwaka. Yanajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na katikati ya misimu hiyo kina kinashuka mwaka baada ya mwaka. Dodoma nayo ipo juu ya graniti. Tukiruhusu visima Tabora kwa kipimo cha mwaka mzuri, tutakuwa tumeandika deni ambalo mvua inaweza isilipe kwa miaka kumi.

Kupima si kazi ya maprofesa peke yao. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, ambako mwamba ni mgumu kama wetu na visima vilikuwa vikikauka, wakulima walifundishwa kupima mvua na kina cha maji visimani mwao wenyewe, wakakaa pamoja kabla ya msimu kujadili maji yaliyopo na mazao yatakayofaa. Waliopima walikuwa wanakijiji, wake kwa waume, na wengi hawakuwa na elimu kubwa. Kijana wa kidato cha nne wa Uyui anaweza kushusha kamba yenye alama kisimani kila mwezi na kuandika namba daftarini.

Texas, Marekani, inatufundisha upande wa pili. Huko mahakama iliamua tangu mwaka 1904 kwamba mwenye ardhi anaweza kuvuta maji kadiri apendavyo hata kisima cha jirani kikauke. Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya kuruhusu wananchi waunde wilaya zao za kuhifadhi maji ya ardhini, na ya kwanza ikaundwa mwaka 1951 katika nyanda za juu za jimbo hilo. Ilikuwa hatua njema, lakini ilikuja pampu zikiwa zimeshaenea na kila mkulima ameshajiona ana haki ya kuvuta. Maji chini ya nyanda hizo yameendelea kushuka sehemu nyingi. Tabora bado ina nafasi ya kuanza kabla ya kufika huko.

Sasa tuseme kamati iweje, kwa sababu nchi hii ina kamati nyingi zilizokufa. Kamati za maji za vijiji nyingi zilikufa kwa sababu zilipewa wajibu bila uwezo. Ziliambiwa zilinde pampu, hazikupewa fedha ya vipuri wala sauti juu ya nani achimbe jirani. Ya Uyui isizaliwe hivyo. Kwa sheria kibali kinatolewa na Bodi ya Bonde, na tunaona kibaki huko, kwa sababu bodi ina wataalamu na haiogopi jirani. Lakini ndani ya eneo lililotangazwa, bodi isitoe kibali cha kisima kirefu mpaka kamati iwe imeandika maoni yake, na kamati ikisema hapana, bodi ieleze kwa maandishi kwa nini imeona vinginevyo. Kila mchimbaji akabidhi kumbukumbu za kila shimo, likiwemo shimo kavu. Shimo kavu limelipiwa na mtu, na habari zake zina thamani kwa atakayetaka kuchimba hapo kesho.

Wajumbe wachaguliwe na watumiaji, na wanawake wasipungue nusu. Wafugaji wawe na viti vyao vya haki, si vya kualikwa. Wafugaji wengi wa mkoa huu ni wahamiaji kutoka kaskazini, na kikao cha maji kinachowaacha nje kitaishia kwenye ugomvi kisimani. Kijiji, shule, zahanati na mtu anayechimba kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani wasitozwe kitu. Watozwe wauzaji wa maji ya maboza, mashamba ya kumwagilia, viwanda, na makandarasi wa barabara na reli wanaohitaji maji mengi kwa muda mfupi. Sehemu ya ada hizo ibaki Uyui kulipia upimaji, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila kata.

Tunajua watakaosema kwamba wanakijiji hawawezi kuzuiana. Tunawaelekeza kwenye historia ya hapahapa. Wasukuma na Wanyamwezi wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate kitu kiangazi, na aliyevunja utaratibu alijibu mbele ya wenzake. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulipoheshimu utaratibu huo, miti na nyasi zilirudi mahali palipoitwa jangwa. Sungusungu nayo ilizaliwa katika nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, nayo ilionyesha nguvu ya wananchi wakiamua. Ilionyesha pia ubaya wa nguvu isiyo na mipaka, kwa maana wapo walioumizwa bila hukumu. Ndiyo sababu tunataka kamati yenye sheria juu yake, yenye rufaa kwa Bodi ya Bonde, na inayoweza kuondolewa na wapiga kura wake.

Wapo pia watakaohofia kwamba udhibiti utachelewesha maji kwa wasio nayo. Hofu hiyo tunaiheshimu, na jibu lake ni mpangilio wa kutanguliza watu: maji ya kunywa na ya nyumbani kwanza, mifugo ifuate, biashara baadaye. Kisima cha kijiji kisikwame mezani kwa kamati hata wiki moja zaidi ya inavyohitajika kupima mahali. Anayepaswa kusubiri ni mwenye kutaka kuvuta maji mengi kwa faida yake mwenyewe.

Waziri hahitaji kutunga sheria mpya wala kukopa nje ili kuanza. Anahitaji kukaa na Bodi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kusikiliza vijiji vya Uyui, na kuchapisha tangazo katika Gazeti la Serikali. Tunamwomba afanye hivyo kabla ya kiangazi kijacho. Wabunge wa Tabora, wanaojua kuomba visima, waombe na hili, na waliulize bungeni kila kikao mpaka tangazo litoke.